Dakika Tatu za Salamu

Nakiri mwenyewe, kabla jirani yangu hajakusimulia kwa namna yake: nilipewa dakika tatu za kuongea na dunia nzima kuhusu uzazi wa mpango, na zote tatu nikazimaliza kwa salamu.

Si kwamba sikujiandaa. Nilijiandaa kuliko bibi harusi. Hotuba niliiandika kwa mkono mara nne. Kila asubuhi, nikigeuza chisense, wale dagaa wetu wadogo wa ziwa Mweru, kwenye chanja la kuanikia, niliisoma kwa sauti, na jirani yangu upande wa pili wa ugo wa matete alinipimia muda kwa simu yake. Dakika tatu kamili. Siku nyingine pungufu kidogo, kama sikuvuta pumzi. Lakini hata siku moja, si mimi wala yeye, hatukufikiria kuzipima salamu. Salamu si hotuba. Hapa Nchelenge nani anapima salamu? Unafika kwa mtu, unachuchumaa, unapiga makofi taratibu, unauliza habari za wazima na za wagonjwa, za shamba na za ziwa, unatoa pole palipo na pole, na hapo ndipo unaanza kusema ulichokuja kusema. Nilisoma sekondari hadi mwisho na hesabu nikafeli. Zamani walijua walimu wangu tu, sasa inajua dunia.

Utaniuliza: mwanamke wa nyuma ya nyumba, mwenye chanja na kuku, dunia ulikutana nayo wapi? Jibu lenyewe linanitia aibu kidogo. Nilikuwa kiongozi wa dunia kwa sababu sitoki nyumbani.

Mimi ni mtu wa uani. Kashikishi, kwenye bandari na soko, ni hapo tu, lakini nikienda narudi na masimulizi ya wiki nzima. Mji wa Mansa nimefika mara mbili, na mara zote mbili nilitapika. Kwa hiyo watu ndio wanaonijia. Kliniki ilinifanya mama wa kujitolea, na wanawake wanakuja kukaa kwenye mkeka wangu tuongee vidonge, sindano, kijiti cha mkononi, na waume. Mimi mwenyewe nilizaa wanane kabla mtu hajaniambia kwamba kuna kupumzika, basi kiburi cha kumfundisha mtu nitakitoa wapi? Nasema tu: mwanangu, mimi sikujua, wewe ujue.

Siku moja alipita mgeni kutoka mji mkuu, akanisikiliza, akacheka mpaka akafuta macho, akaniingiza kwenye kundi la wanawake wa nchi nyingi wanaokutana kwa simu. Kundi hilo linazisukuma serikali na wakubwa wa dunia ili dawa za uzazi wa mpango ziwafikie wanawake wa mbali. Mkutano wa kwanza, mwenzetu wa milimani mtandao ulimtupa. Wa kisiwani alikuwa ndani ya basi, hasikiki. Wa mji mkubwa alikuwa kwenye foleni ya uwanja wa ndege, tunaona pua yake tu. Mimi nilikuwepo, simu nimeiegemeza kwenye kinu kilichopinduliwa, mahali pekee penye mtandao uani kwangu, hatua mbili kutoka kwenye ugo wa jirani. Mkutano wa pili nilikuwepo. Wa tatu nilikuwepo. Walipofika kuchagua mwenyekiti, wakamchagua yule anayekuwepo. Ningekosa vipi? Kuku wangu walikuwa wameatamia.

Jirani aliposikia, aliinua kichwa juu ya matete. Ni mwanamke wa Pweto, ng'ambo ya ziwa upande wa Kongo, aliolewa huku na mvuvi mmoja mpole, na maneno yake hayana mto wa kuegemea.

"Wamekuchagua prezidante ya dunia?"

"Ya kundi tu, mudogo wangu."

"Na utaenda lini kuiona ile dunia?"

"Siendi popote."

"Bon. Kumbe batu wanaweza kuongoza na kitako."

Tangu siku hiyo akawa ananiita Mama Prezidante, hasa akitaka kuazima chumvi. Siku nyingine mimi ni yaya tu, dada mkubwa kwa Kiswahili cha kwao.

Sasa nieleze jambo la ziwa, kwa sababu bila hilo utatucheka bure. Desemba ikianza, ziwa linafungwa. Mpaka Machi hakuna nyavu majini, ili samaki wazae kwa amani. Wavuvi wanavunja kambi zao za visiwani na kurudi nyumbani, wamepumzika, hawana kazi, mvua inanyesha. Matokeo yake si samaki peke yao wanaozaa. Ukihesabu miezi tisa mbele, na hiyo hesabu hata mimi naiweza, unakuta wodi ya akina mama imejaa hadi barazani. Nesi wetu ana jina la watoto hao: anawaita watoto wa kufungwa. Nusu ya kwaya ya kanisa letu ni watoto wa kufungwa.

Dawa za kliniki, kwa upande wao, zinakuja kila miezi mitatu, kama karatasi inavyotaka. Karatasi haijui ziwa. Mwaka huo gari lilichelewa, na katikati ya Novemba sindano zikaisha, vijiti vikaisha, wakati mitumbwi imebakiza siku chache kurudi.

Na randevu ya sindano ya jirani yangu, ndivyo anavyoiita siku yake ya kuchomwa, ilikuwa wiki ya mwisho ya Novemba.

Hili halikuwa la mchezo. Ana watoto saba. Huyo wa saba, aliyezaliwa mwaka uliopita, alikuja na damu nyingi. Mimi nilikuwepo, nimeshika taa ya simu. Baadaye nesi alimwambia mbele yangu, bila kuzunguka: "Mama, ukishika mimba nyingine upesi hivi, mimi siwezi kukuahidi kitu." Vidonge alimkataza kwa sababu ya presha. Ilibaki sindano.

"Kondomu ziko," nilimwambia siku ile tuliporudi kutoka kliniki mikono mitupu. "Nesi ana boksi zima."

"Ziko, yaya, nimeziona. Lakini mi sitaki kulalisha maisha yangu juu ya akili ya ule bwana. Ni mutu muzuri sana. Lakini anasahau kofia, anasahau kasia, mwaka jana alisahau mutoto kwa kanisa."

Hilo la mtoto ni kweli. Tulimkuta anakula karanga za mhubiri.

Hapo ndipo mkutano mkubwa ulipokuja. Ukumbi uko nchi ya mbali, wakubwa wa serikali nyingi wamekaa, na kundi letu limepewa nafasi moja ya kusema. Waliniandikia kwamba wananilipia ndege. Niliwajibu kwa heshima zote kwamba kuku wawili wamebakiza siku nne kuangua. Wakajibu kwamba basi nitaonekana kwenye kioo kikubwa, nikiwa uani kwangu. Mkalimani wa Kibemba hakupatikana, wa Kiswahili alikuwepo, na Kiswahili nilikinyonya kwa mama yangu, aliyevuka kutoka ng'ambo, nikakikomaza hapa kwenye ugo wa jirani. Hotuba yangu ilikuwa na jambo moja: dawa zitangulie kufika kabla ziwa halijafungwa. Dunia ihesabu kwa ziwa letu, na kwa theluji ya mwenzetu wa milimani inayofunga barabara, na kwa vimbunga vya mwenzetu wa kisiwani. Kila mmoja wetu ana kufungwa kwake.

Mchana ule nilivaa blauzi ya kanisani juu, na chini chitenge cha kazini chenye magamba ya samaki, kwa kuwa kioo hakishuki huko. Jirani alisonga bukari, ndio ugali wa kwao, upande wake, sikio kaliegemeza kwenye matete. Nikasikia naitwa. Nikaona ukumbi, vichwa vimepangwa hadi mwisho wa macho. Wazee wenye mvi. Akina mama wenye miwani. Wageni wote hao, na mimi ndiye mwenye uani.

Sasa wewe ungefanya nini? Nikachuchumaa.

Baadaye niliambiwa kwamba nilipochuchumaa nilitoka kwenye kioo kabisa, na dunia ikabaki inatazama dagaa wangu huku ikisikia makofi.

"Mulishani mukwai," nikasema kutoka huko chini. Nikasalimia mwenyekiti wa kikao na nyumba yake. Nikasalimia wazee. Nikawasalimia akina mama waliotoka mbali, nikawapa pole ya safari, pole ya chakula cha ugenini, pole ya kukaa kwenye viti siku nzima. Nikauliza wagonjwa waliowaacha nyumbani wanaendeleaje, nikanyamaza kidogo ili wajibu. Hawakujibu, nikadhani ni mtandao, nikauliza tena. Nikawapa pole waliofiwa mwaka huu, maana katika watu wengi namna ile hawakosekani. Nikainuka, nikarudi kwenye kioo. Nikawafikishia salamu za nesi, za mchungaji, za wanawake wa upande wa Puta na za wanawake wa Kashikishi. Sauti ya mkalimani, maskini, ilikuwa inanikimbilia nyuma kama mtu aliyeachwa na mtumbwi. Mwisho, kama inavyotakiwa, nikatoa habari za kwetu.

"Sisi huku tuko wazima," nikasema. "Watoto wazima, mvua imeanza, samaki wapo kiasi. Tuko salama kabisa, isipokuwa..."

Taa nyekundu ikawaka kwenye simu. Kimya. Walikuwa wamenifunga mdomo kwa kidole cha mtu mmoja aliyekaa kwenye mashine.

Nilibaki nimeachama mbele ya kinu. Kuku akapita.

Kichwa cha jirani kikachomoza polepole juu ya matete, mwiko mkononi.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Sindano umeitaja wapi? Mi sikusikia."

"Nilikuwa nafika."

"Ulikuwa unafika wapi? Umesalimia hadi wafu!"

"Nimewapa pole wafiwa tu."

"Yaya." Akaushusha mwiko. "Siku kumi na mbili, ziwa linafungwa. Siku kumi na mbili."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningejibu. Aligeuka, akarudi kwenye bukari yake, na mimi nikaingia ndani, nikalala kifudifudi na blauzi ya kanisani, nikatunga barua ya kujiuzulu kichwani. Ilianza kwa salamu, nikaiacha.

Simu ikalia. Ujumbe kutoka kwa mwenzetu wa milimani: isipokuwa nini? Ikalia tena, wa kisiwani: isipokuwa nini, mama? Halafu mgeni wa mji mkuu, halafu mtu nisiyemjua, halafu watatu kwa mpigo, simu inatetemeka juu ya kitanda kama panzi. Nikatoka mbio hadi kwenye kinu.

Mambo yalikuwa hivi. Ukumbi mzima siku ile ulikuwa umesikiliza hotuba zinazofanana tangu asubuhi. Halafu akaja mwanamke, akapotea, akapiga makofi akiwa haonekani, akawapa pole ya viti, mambo ambayo hakuna aliyewahi kuwaambia. Akasema yuko salama, isipokuwa. Akazimwa. Uso wangu ulibaki umeganda kwenye kioo kikubwa kuliko nyumba, mdomo wazi. Msemaji aliyefuata alipopanda, watu hawakumsikiliza. Walikuwa wanaulizana isipokuwa nini. Mwishowe mama mwenyekiti, bibi mwenye mvi na miwani ya mnyororo, akasema hatawaruhusu waende kula kabla hajajua.

Nikarudishwa. Dakika moja. Mtu wa mashine akaniambia sikioni, kwa sauti ya kubembeleza: "Mama, tafadhali sana. Usisalimie."

Hujui ugumu wake. Kuanza kusema bila salamu ni kuingia nyumba ya watu kwa dirisha. Jasho lilinitoka. Nikakishika kinu kwa mikono miwili ili isipige makofi yenyewe.

"Isipokuwa sindano zimeisha," nikasema. "Na ziwa linafungwa baada ya siku kumi na mbili. Na nina jirani yangu ambaye mimba nyingine ikiingia sasa, nesi amesema hawezi kutuahidi kitu."

"NA BWANA YANGU ANARUDI!"

Jirani alikuwa amepanda juu ya ndoo, na kichwa chake kimeingia kwenye kioo pembeni ya changu, na mwiko pia. Mkalimani akayatafsiri maneno hayo, hata na ukali wake, nilimsikia. Ukumbi ukacheka, ukacheka, kisha ukatulia ghafla, kwa sababu jirani hakucheka. Alikuwa anawatazama tu. Halafu wakaanza kupiga makofi, wote, wamesimama.

Sasa kwetu mtu akikupigia makofi anakusalimia. Nikachuchumaa kuwajibu. Wakanizima tena.

Yaliyofuata yalienda mbio. Katika ukumbi alikuwepo mama mmoja wa ujumbe wa nchi yetu, na kila alipoweka sahani mezani mtu alimuuliza habari za jirani yangu. Nadhani alikula amesimama. Kabla chakula hakijaisha alikuwa ameshampigia nesi, na ikajulikana kwamba maboksi yapo, tena karibu: yamekaa kwenye ghala la mji wa kusini kwetu, yamefungwa vizuri, yanasubiri gari. Gari halipo mpaka mwezi ujao.

"Gari lipo," jirani akasema pale pale kwenye ugo. "Kila siku inapita hapa inanuka."

Alimaanisha malori ya samaki. Siku za mwisho kabla ya kufungwa yanaenda kusini yamejaa mpaka juu na kurudi matupu kufuata mzigo mwingine. Mimi, mwenyekiti wa dunia, nilikuwa nimeyasikia yakipita kila siku nikiwa nakariri hotuba, na wazo hilo halikuniingia. Nesi akaandika barua, akagonga mhuri, dereva mmoja akakubali. Siku tatu hatukumsikia. Jirani alifua nguo zilizokuwa safi. Mimi niliangusha sufuria mara mbili, na kila lori lililopita tulisimama wote wawili, kila mtu upande wake, tukisikiliza kama litapunguza mwendo.

La siku ya nne likapunguza. Maboksi yalishuka kliniki yakinuka samaki mpaka nesi akayafungulia nje. Akakagua tarehe, akakagua vizibo, kila kitu kizima. Habari zilitembea haraka kuliko mimi. Nilipofika, na nilikimbia, mimi ninayetapika kwa safari, wanawake walikuwa wamejipanga mpaka kwenye barabara, wengine na unga mikononi. Jirani alikuwa wa kwanza. Asubuhi ile hakusalimia mtu yeyote, alipita katikati ya watu kama jembe. Nesi akatazama kadi yake, akahesabu kwa vidole, akasema tarehe yake ya sindano haijapita.

Alipotoka alikuwa ameshika bega, na kwa mara ya kwanza tangu mtoto wa saba nilimwona akicheka bila kumcheka mtu.

"Imeuma?" nikamuuliza.

"Imeuma muzuri."

Mkutano ukaniandikia. Wamekubaliana, nchi kadhaa, kwamba dawa zipangwe kufuata misimu ya watu, na sisi ndio tutakaowakumbusha, na mwakani nije mwenyewe, nitapewa dakika kumi. Niliwajibu kwamba nitafikiria, vifaranga wakishakua. Nikawauliza na wagonjwa wao.

Siku ya mwisho ya Novemba mitumbwi ikarudi. Nilikuwa uani, naondoa chanja mvua isilifikie, nikamwona mume wa jirani anapanda njia kutoka majini, wavu begani, ndoo mkononi, kofia hana. Mtu amekaa kisiwani Chisenga miezi, utamwacha apite hivi hivi? Nikaenda njiani, nikachuchumaa, nikapiga makofi. Naye, kwa adabu zake, akachuchumaa na wavu wake. Nikauliza safari. Nikauliza kambi. Nikauliza mawimbi, na mgongo wake, na wale wenzake wawili walioumwa malaria, na mama mkwe wa mmoja wao. Alijibu kila kitu bila haraka, ila jicho moja lilikuwa linakimbilia kwenye nyumba yake.

Mlango ulikuwa wazi. Jirani alikuwa amesimama pale, ameoga, amefunga kitambaa kipya kichwani, mikono kiunoni.

"Yaya," akasema, "dakika zako tatu zimeisha. Sikuchomwa sindano sababu ya salamu."